Impreza STI ya mwaka 2005: je, itanifikisha kazini kila siku?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Arusha, nafanya kazi Usa River, na kila siku naenda na kurudi kwa gari. Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,000. Sasa hivi nina Toyota IST. Tangu nikiwa mdogo naipenda Subaru Impreza, na nimepata moja ya kununua: WRX STI ya mwaka 2005, ya Japani, gia za mkono, odomita inasoma kilomita 148,000. Ekzosti imebadilishwa. Muuzaji anasema haina shida yoyote, ni kuwasha na kuondoka. Nikiuza IST na kuongeza akiba yangu yote, bei anayotaka inatimia. Je, gari hili ni la kutegemea? Na matunzo yake yatanigharimu kiasi gani?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na jibu lenyewe. Usiuze IST. Kama huwezi kuipata STI bila kuiuza IST na kumaliza akiba, basi wakati wa kununua STI haujafika. Lakini ukiweza kubaki na yote mawili, na benki ukabakiwa pia na pesa isiyopungua theluthi ya bei ya STI hiyo, isiyo na kazi nyingine, basi nakuunga mkono kwa moyo wote na nitakueleza namna ya kulikagua.

Usidhani sina imani na gari lenyewe. Impreza STI ya kizazi hicho ni moja ya magari bora ya spoti yaliyowahi kufika kwetu. Injini yake ya Kijapani, EJ207, ina ujazo wa cc 1,994 tu, lakini kwa msaada wa turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 280 na inazunguka hadi mizunguko 8,000 kwa dakika. Gia boksi yake ya gia sita ni imara sana. Magurudumu yote manne yanavuta. Kwa barabara zetu za milimani na za vumbi, ni gari linalomfanya dereva amwamini mtengenezaji.

Watu wengi wanaposifia uimara wa Subaru hutaja Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, na kweli Impreza ilishinda mashindano hayo mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Ila magari yale yalikuwa na kundi la mafundi likiyasubiri njiani. Shokapu, breki na mikono ya chini vilibadilishwa vikiwa bado vina moto, kabla havijafa. Ushindi ule ulithibitisha kwamba Impreza ni imara ikiwa inatunzwa kwa wivu. Haukuthibitisha kwamba inavumilia kusahauliwa, na gari la miaka 20 lililopita kwenye mikono ya watu kadhaa karibu kila mara kuna mtu aliyelisahau.

Hapo ndipo penye siri ya bei yake. Ukiona gari la nguvu hizo linauzwa kwa bei ya saluni ya kawaida, ujue hununui gari peke yake. Unanunua pia madeni ya matunzo ambayo waliotangulia hawakuyalipa: mkanda wa taiming uliopitisha muda, oili iliyobadilishwa kwa kuchelewa, bushi zilizokwisha, mipira ya maji iliyokauka. Muuzaji anaposema haina shida, mara nyingi anasema kweli kwa maana moja: leo linawaka. Swali lako liwe jingine. Ni madeni gani yameshalipwa, na risiti ziko wapi?

Kabla hujafika kwenye injini, hakikisha ni STI kweli. Mjini kuna Impreza nyingi zilizovishwa boneti yenye tundu la hewa, bawa la nyuma na beji ya waridi, lakini chini yake ni gari la kawaida. Soma namba ya chesisi kwenye kadi na ulinganishe na iliyogongwa kwenye bodi. STI ya kizazi hicho huanza na GDB. WRX ya kawaida ni GDA. Ukiona GD2 au GD3, hiyo ni Impreza ya 1.5 isiyo na turbo, hata ingepakwa rangi gani. Kisha kaa kwenye kiti na ushike gia. Gia boksi ya STI ina gia sita, na rivasi huingizwa kwa kuvuta pete iliyo chini ya kitasa kwenda juu, kisha kusukuma kushoto. Ukikuta gia tano, ama si STI ama gia boksi ya awali ilikufa na ikawekwa ya WRX, ambayo ni dhaifu zaidi kwa nguvu hizo. Linganisha pia namba ya injini na kadi. Injini kubadilishwa si dhambi, lakini lazima ujue imetoka wapi, lini, na nani aliifunga.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ule mngurumo wa Subaru unaopendwa mno, unaodundadunda kama ngoma, hutokana na mabomba ya ekzosti yenye urefu usiolingana. STI za Kijapani za mwaka 2005 zilitoka na mabomba yenye urefu unaolingana, kwa ajili ya turbo ya njia mbili iliyowekwa humo, kwa hiyo sauti yake ya kiwandani ni laini zaidi. Gari hilo la kwako likinguruma kwa mdundo ule, ujue kilichobadilishwa si bomba la nyuma peke yake. Mabomba ya mbele yamebadilishwa, pengine na turbo, au injini si ya awali. Muulize muuzaji, na usiridhike na jibu la kwamba alilinunua likiwa hivyo.

Sasa injini. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Injini baridi husema mengi ambayo injini ya moto huficha. Ikiwashwa, injini hizi za pistoni za kulala zinaweza kutoa mlio mkavu wa kugonga kwa dakika chache za mwanzo, kisha ukapotea injini ikipata joto. Huo ni mchezo wa pistoni ndani ya silinda kabla hazijatanuka, na peke yake haunitishi. Mlio unaonitisha ni ule unaokuja injini ikishapata moto, unaosikika vizuri kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 ukiwa umekanyaga mafuta kidogo, ko-ko-ko, ukifuata mwendo wa injini. Hizo ni metali za konrodi, yaani beringi bapa zinazoshika konrodi kwenye krenki, zinazokwisha. Ukiusikia, mshukuru muuzaji na uondoke. Injini hiyo inakaribia kunoki.

Kwa nini metali hukwisha kwenye injini hizi? Sababu kubwa ni oili. Injini ya EJ ya turbo haipendi kabisa kukaa na oili pungufu. Turbo inaila kidogo kidogo, dereva haangalii dipstiki, kiwango kinashuka, kisha siku moja anakata kona kali, oili inakimbilia upande mmoja, na pampu inanyonya hewa. Sekunde chache zinatosha. Juu ya hapo, bomba la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, lina udhaifu unaojulikana: linaweza kupasuka kwenye kiungo chake kilichochomelewa, likaanza kuvuta hewa hata oili ikiwa imejaa. Bomba lenyewe si ghali. Linapovunjika, linaondoka na injini nzima. Wenye magari haya wanaojua huweka bomba lililoimarishwa mara wapatapo nafasi ya kushusha sampu, na ukikuta risiti ya kazi hiyo, umekutana na mtu aliyelipenda gari lake.

Vuta dipstiki mwenyewe. Oili ikiwa chini ya alama ya chini siku ya kuuza gari, hayo ni maelezo tosha kuhusu miaka iliyopita. Kisha dai vipimo viwili, na ulipe mwenyewe kwa fundi wako, si wa muuzaji.

Kipimo cha kwanza ni kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya silinda, kwa silinda zote nne. Mafundi wengine hawapendi kukifanya kwenye Subaru kwa sababu plagi zimelala ubavuni na lazima utoe betri na boksi la kisafisha hewa ndipo mkono upite. Usikubali kisingizio hicho. Injini iwe ya moto, betri iwe nzima, na mafuta yakanyagwe hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Na kwa kuwa uko Arusha, usishtuke namba zikiwa chini kuliko zile unazosoma kwenye vitabu. Mji wenu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, kwa hiyo silinda ambayo Tanga ingesoma psi 150 inaweza kusoma chini ya 130 hapo na bado ni nzima. Kinachokuhusu ni tofauti. Silinda tatu zikilingana na moja ikawa chini kwa zaidi ya asilimia 10, hapo pana tatizo. Mara nyingi ni ringi, au pistoni iliyopasuka kati ya mifereji ya ringi. Udhaifu huo wa pistoni umeonekana zaidi kwenye injini ya 2.5, EJ257, iliyouzwa Marekani na baadaye Ulaya, na silinda namba 4 ndiyo hulalamikiwa zaidi. EJ207 ya Kijapani ni ngumu kuliko hiyo, lakini mtu akiichezea kompyuta vibaya, nayo huvunjika.

Kipimo cha pili ni kusoma kompyuta ya gari, na hapa uwe mkali. Kusoma taa ya cheki injini pekee hakutoshi, kwa sababu makosa yanaweza kufutwa asubuhi ya siku unayokuja. Kompyuta ya Subaru ina thamani inayoonyesha jinsi inavyoiamini petroli na hali ya injini. Kama sensa inasikia mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, kompyuta huishusha thamani hiyo ili kuilinda injini. Wenye ujuzi huiita IAM. Kwenye kompyuta za zamani, hali nzuri ni 16. Kwenye za baadaye ni 1. Ukikuta iko chini ya hapo baada ya gari kuendeshwa vizuri, ama petroli haifai, ama kompyuta imeandikwa vibaya, ama kuna kitu kinauma ndani. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi havisomi jambo hili kwenye Subaru za Kijapani za miaka hiyo. Tafuta fundi mwenye programu inayoongea lugha ya Subaru.

Suala la petroli ni zito kuliko watu wanavyodhani. Injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya kwao haipaswi kushuka chini ya oktani 96, na vituoni kwao mara nyingi huuzwa ikiwa 98 hadi 100. Petroli yetu mara nyingi iko chini ya hapo. Ukiiendesha kwa upole, sensa na kompyuta zinahimili. Lakini gari ambalo mtu ameongeza presha ya turbo, akatoa masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosti), akaweka kisafisha hewa cha wazi, kisha hakuirekebisha kompyuta ilingane na petroli ya hapa, linakwenda likijidhuru kila linapopanda mlima. Ndiyo maana sentensi yako fupi kwamba ekzosti imebadilishwa ndiyo iliyonisimamisha zaidi nilipokuwa nasoma barua yako. Uliza nani alirekebisha kompyuta baada ya hapo na kama kuna rekodi. Kama hakuna aliyeigusa, punguzo la bei litosheleze kurudisha ekzosti ya awali au kulipia marekebisho sahihi. Na ile valvu inayopiga psii kila ukiachia mafuta, inayomwaga hewa nje, kwenye Subaru hii inaidanganya sensa ya hewa na kuifanya injini itumie petroli kupita kiasi. Kwangu mimi ni dalili ya mwenye gari aliyejali mlio kuliko injini.

Upande wa kupoza injini, angalia tanki la maji gari likiwa la moto na likiunguruma. Mapovu yanayokuja bila kukoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi. Angalia rangi ya maji pia. Yakiwa ya kutu, aliyekuwa nalo alijaza maji ya bomba kwa miaka, na ndani ya injini ya aluminiamu hilo ni sumu. Halafu uliza kama thamostati ipo. Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuing'oa wakidhani wanalisaidia gari la nchi ya joto. Kwenye Subaru thamostati iko chini, upande maji yanapoingilia kwenye pampu, na ikitolewa mzunguko wa maji huvurugika na injini haifiki joto lake. Injini isiyofika joto lake inakula petroli na kuharibu oili. Rejeta nayo ina vichwa vya plastiki ambavyo kwa umri huu hupasuka ghafla. Mimi nikinunua gari la miaka 20, rejeta yake naibadilisha bila kusubiri.

Mkanda wa taiming ni jambo la kufa na kupona. Japani wanaubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana na hapo hakuna mjadala, ni kufungua injini. Gari lako linasoma 148,000, kwa hiyo kama odomita ni ya kweli, mkanda ulipaswa kubadilishwa mara moja. Muuzaji akikosa risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa. Na kazi hiyo si mkanda peke yake. Ni pamoja na tensheni, roli zake zote na pampu ya maji, kwa sababu roli iliyoganda hukata mkanda mpya uliowekwa wiki iliyopita. Hapa ndipo spea feki zinapoua. Maboksi yenye majina makubwa yamejaa Kariakoo na hata Kirinyaga Road Nairobi, na si yote yana kilichoandikwa juu. Nunua kwa mtu anayekuandikia risiti na anayejulikana na wenye Subaru wa mji wako. Wewe una bahati ya kuwa karibu na Namanga. Kenya ina wapenzi wengi mno wa Subaru, na spea ambayo Dar es Salaam unaambiwa iagizwe, Nairobi mara nyingi iko rafuni.

Tairi nitakueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu huzipuuza. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, tairi zote nne ziwe za aina moja, saizi moja na zimekwisha kwa kulingana. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi milimita 6 hivi. Ukiweka mbili mpya mbele na kuukuu mbili nyuma, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, na difu hiyo ni ghali kuliko tairi zote nne. Kwa hiyo tairi moja ikipasuka vibaya, unaweza kulazimika kununua nne. Weka hilo kwenye bajeti. Soma pia namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zilizopita miaka sita sizitaki kwenye gari la nguvu za farasi 280.

Klachi ijaribu kwa gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na gari lisiende, klachi imekwisha, na kuibadilisha kunahitaji kushusha gia boksi ya gari lenye propela na difu, kwa hiyo ufundi wake si wa bei ya IST. Shokapu za STI zimepinduliwa kiumbo, na zikikauka grisi hugonga kama zimekufa wakati zinahitaji huduma tu. Beringi za magurudumu ya nyuma huvuma. Kutu itafute chini, hasa kama gari lilitoka sehemu za theluji za Japani. Karatasi ya mnada wa Japani ikiwepo, soma gredi: herufi R maana yake lilipata ajali na kutengenezwa.

Sasa gharama za kila mwezi, ambazo ndizo zitakuumiza kimya kimya. STI kwa matumizi ya mjini na barabara mchanganyiko inakwenda kama kilomita 7 kwa lita, ukikanyaga inashuka zaidi. Kwa kilomita zako 1,000, hizo ni lita 143 kwa mwezi. IST yako kwa kilomita 14 kwa lita inakula lita 71 hivi. Zidisha kwa bei ya petroli ya kituo chako uone kama tofauti hiyo unaweza kuitoa kila mwezi bila kukopa. Oili inahitaji kama lita 4 na nusu za sintetiki halisi kila kilomita 5,000, maana yake kila baada ya miezi mitano, pamoja na filta. Usinyooshe muda huo kwa sababu yoyote. Dipstiki ivutwe kila mara ya pili unapojaza mafuta. Oili ya gia boksi na difu, pamoja na maji ya breki, ibadilishwe mara moja kila miaka miwili. Pedi za Brembo ni ghali kuliko za kawaida, na gari la spoti huzila haraka.

Kabla ya hayo yote kuna mwezi wa kwanza. Hata gari likipita vipimo vyote, mimi ningeshika hiyo theluthi ya bei niliyokutajia na kufanya haya kabla ya kuliendesha kwa furaha: mkanda wa taiming na wenzake, rejeta, mipira yote ya maji na ya mafuta, thamostati halisi, bomba la kunyonyea oili, gasketi za vifuniko vya valvu ambazo huvujia kwenye ekzosti na kunukia moto, plagi, na oili zote kuanzia injini hadi difu ya nyuma. Pesa hiyo inaweza kuisha karibu yote. Lakini baada ya hapo unajua kila kitu kilichobadilishwa na tarehe yake, na gari la zamani linalojulikana hivyo linaweza kukupeleka Usa River kila siku kwa miaka. Nimewaona wenye STI wanaofanya hivyo na magari yao hayawasumbui. Wanaolia ni wale waliolinunua kwa shilingi ya mwisho, wakasubiri kitu kiharibike ndipo wakitengeneze. Injini ikinoki, kuifungua na kuijenga upya kwa vipuri halisi kunaweza kumeza nusu ya bei ya gari, na injini ya mtumba kutoka Dubai au Japani ni bahati nasibu yenye maswali yote yale yale ya mwanzo.

Ndiyo maana nasisitiza ubaki na IST. Gari la spoti la miaka 20 hukaa gereji. Spea inaweza kuchukua wiki tatu kufika, na fundi mzuri anahitaji muda. Kama ndilo gari lako pekee, utamharakisha fundi, utakubali spea iliyopo badala ya inayofaa, na utaliendesha likiwa halijapona kwa sababu Jumatatu lazima ufike kazini. Maamuzi hayo ya haraka ndiyo yanayoziua injini hizi.

Fundi umtafute kabla ya gari. Atakayekuambia Subaru zote ni mbovu hazijui, na atakayekuambia haiharibiki kamwe anataka kukuuzia. Mpeleke aliyezifungua injini za EJ kwa mikono yake, umuulize anapima vipi nafasi ya metali na anatumia oili gani. Uliza bima pia mapema, maana kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huo, na wengine hukupa kwa masharti. Na kama utafikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani badala ya kununua hili la hapa, pitia kwanza kikokotoo cha TRA mtandaoni. Gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na kwa miaka hiyo unaweza kukuta kodi inakaribia au kupita bei ya gari lenyewe.

Ukiona hesabu zote hizi hazikai, angalia Toyota Altezza RS200 yenye gia sita za mkono. Haina turbo, inavuta magurudumu ya nyuma, injini yake ya 3S-GE ya cc 1,998 inapenda kuzungushwa, na mafundi wanaoielewa wapo karibu kila mkoa. Nayo ina mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 100,000, na nayo ikague ikiwa baridi. Haitapanda milima kama STI. Lakini kwa safari zako za Usa River, kwa mshahara mmoja, hiyo ningekuruhusu kuinunua hata mwezi ujao, na sehemu ya akiba yako ingebaki salama.